Viuno Ishirini na Saba

Mwalimu Luhende alikuja na marikani begani,
mita kumi na tano, bado inanuka duka.
"Mama Sayi, nishonee mikanda."
Ya ubingwa? Hiyo siiwezi, ile ina masahani ya bati.
"La. Ya madaraja. Nyeupe, njano, kijani, kahawia,
kama ya watu wa karate,
ili mtoto akijua jambo moja
aonekane kwamba analijua."

Nilicheka hadi uzi ukachomoka sindanoni.
Mkanda niujuao mimi ni wa marehemu baba, ulikuwa na bizimu;
na ule wa mashine ya kusaga hapo jirani,
ukikatika, nusu ya Igogo inalala na njaa.
Bondia, nikasema, daraja lake si liko usoni?
Tazama pua, tazama nyusi, utajua amefika la ngapi.
Mwalimu hakucheka. Akaishika pua yake.
"Ndiyo daraja ninalotaka kulifuta."

Basi nikaenda, futi shingoni.
Ukumbi wao ni stoo ya zamani ya pamba;
ukilipiga gunia kwa nguvu
nyuzi nyeupe bado zinadondoka kutoka darini.
Nikapima viuno ishirini na saba.
Mdomo hudanganya, kiuno hakijui:
Shilinde, inchi ishirini na tatu, anasema ameshiba.
Bugumba, thelathini na moja, amevuta tumbo ndani.
Nyanzala, msichana pekee, alinyoosha mikono
kama anayepekuliwa na polisi.
Mugeta, mchukuzi wa Mwaloni, alifika nimeshafunga daftari,
harufu ya dagaa ikamtangulia mlangoni.
Ishirini na sita. Nikaandika pembeni.

Rangi nilizichemsha mwenyewe.
Njano ilikubali upesi.
Kijani kilikataa, kikatoka kama ziwa pale Kirumba
magugu maji yanapojaa.
Kahawia niliipata kwa majani ya chai na subira.

Ukutani Mwalimu aliandika kwa chaki:
*Njano: kamba dakika tatu, na ufue bandeji zako mwenyewe.*
*Kijani: ngumi nne za mwanzo, na mwezi mzima bila kuchelewa.*
*Kahawia: ukiona magoti ya mwenzako yamelegea,
na mkono wako umeshaondoka,
uurudishe.*

Mwezi mzima bila kuchelewa!
Boti ya Goziba haijui saa ya mazoezi.
Inafika inapofika, na magunia hayajishushi.
Bugumba akavaa kijani. Nyanzala kijani. Hata Shilinde, njano.
Mugeta alibaki na nyeupe yake,
na mchana niliwahi kumwona nayo Mwaloni,
ameizungusha kichwani, ngata,
na juu ya ngata, gunia.

Jumamosi nilipeleka mikanda miwili iliyosalia.
Ulingoni Mugeta na Bugumba.
Sijui ngumi, sitasema ilianzaje.
Niliona magoti ya Bugumba yakilainika kama uji,
na mkono wa Mugeta uko njiani,
na ukasimama.
Kati ya ngumi na pua, inchi moja.
Mimi ni fundi. Inchi naijua.

Stoo nzima kimya. Unyuzi mmoja ukashuka, ukatua begani kwa mtu.
Mwalimu aliutazama ukuta.
Kisha akanitazama mimi, na mkanda wa kahawia mkononi mwangu,
kisha ukuta tena.
"Kijani kwanza," akasema, lakini polepole,
kama anayesoma mwandiko wa mtu mwingine.

Jumatatu Mugeta alikuja kibandani.
Nyeupe yake imechanika katikati, imelowa mafuta ya samaki.
"Mama, inazibika?"
Inazibika.
Nikageuza kiti, nikampa mgongo,
nikatoa kibiringo cha uzi wa kahawia,
nikashona mishono mingi kuliko iliyotakiwa.
Aliushika, akauangalia pale palipozibwa, muda.
Hakuuliza. Sikusema.
Mia tano, nikamwambia.
Akalipa, akaufunga, akaondoka mbio;
boti ilikuwa imeshapiga honi.